Mkaguzi na Muziki Uliohama Vyumba

Alizaliwa wapi na ukoo wake ulitokea upande gani wa ziwa, mimi sijui, na yeye mwenyewe asingependa niandike jambo ambalo sina ushahidi nalo. Tulimwita Mkaguzi. Alikuwa amestaafu ukaguzi wa shule kabla sijahamia Kiseke, na wakubwa walikuwa wameshabadilisha hata jina la cheo chenyewe, lakini mtaani hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina la ubatizo. Hata padri alimwita Mkaguzi. Nadhani alimwogopa.

Kila alichokutana nacho alikikagua. Akienda kula sato ufukweni, alisimama kwanza nyuma ya karai kuangalia rangi ya mafuta, na mama muuzaji akanywea kama mwanafunzi. Akialikwa harusini, alishika ratiba mkononi, kalamu ikiwa sikioni, na maharusi wakichelewa kuingia ukumbini aliandika dakika. Mahubiri aliyapima kwa saa. Siku tuliyomzika mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alisimama kando ya kaburi macho mekundu, na watu walipomaliza kuweka mashada akamvuta pembeni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, akamwambia jeneza lilitoka nyumbani dakika arobaini na tano nyuma ya ratiba. Mwenyekiti akaomba radhi. Mimi nilicheka ndani kwa ndani, Mungu anisamehe, kisha nikaona ile ratiba yule mzee ameishika juu chini, nikaacha kucheka.

Alikuwa na misemo yake. "Kisichoandikwa hakijatokea." Huo ndio aliupenda kuliko yote, na aliutumia kwa madeni, kwa ahadi za wanasiasa na kwa mvua. "Mwalimu bila andalio la somo ni mtalii." Na ukimsifu kwa lolote, hata kwa shati lake kunyooshwa vizuri, alikukata kauli: "Pongezi ni sumu ya kazi."

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nilimfahamu kabla ya kuwa jirani yake. Mwaka wangu wa pili kazini aliingia darasani kwangu bila hodi, akakaa dawati la nyuma kabisa, magoti yamemfika kidevuni. Nilikuwa nafundisha hesabu za sehemu. Nilifundisha siku hiyo kama malaika: nikakata chungwa, nikakata chapati ya mtoto mmoja, darasa zima likaelewa sehemu na njaa ikawauma. Kipindi kilipoisha akaniomba andalio la somo. Sikuwa nalo. Akafungua kitabu cha ukaguzi akaandika kwa mwandiko mzuri sana: "Mwalimu anafundisha vizuri jambo ambalo hakuliandaa." Hadi leo sijui kama nilisifiwa au nilitukanwa. Miaka ikapita, mimi na mume wangu tukanunua kiwanja Kiseke, tukajenga hadi kwenye linta, ndipo nikamwona mzee wa upande wa pili wa ukuta akihesabu matofali yetu kwa kidole. Nusura nimwambie mume wangu tuuze.

Alijaa mambo yanayopingana. Enzi zake shuleni alipiga marufuku Kisukuma na aliyekisema alivishwa kibao shingoni, lakini kuku wake aliwagombeza kwa Kisukuma kitupu, tena cha ndani, maneno ambayo mwenyekiti wa jumuiya alikataa kunitafsiria. Mbele za watu alisema muziki ni kwaya, mengine yote ni kelele za ulevi. Mama alipokuwa hai alipenda dansi la zamani, yale magitaa marefu yasiyo na haraka, na kila akiwasha redio Mkaguzi alimwambia apunguze sauti. Miezi michache baada ya msiba, asubuhi na mapema, nilianza kusikia magitaa hayohayo kutoka kwake. Alipiga dansi peke yake nyumba nzima, na akisikia mtu anagonga geti anaweka kwaya.

Ukinzani mwingine ulikuwa kwenye intaneti. Huyu mtu aliyekuwa anahesabu vijiti vya kiberiti aliamini kwamba maji na intaneti havinyimwi. Binti yake anayeishi Dar alimfungia waifai ili wawe wanaonana kwenye simu. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya kusali jumuiya nyumbani kwake. Mimi ndiye katibu na kiongozi wa nyimbo. Tulipofika kwenye matangazo, Mkaguzi alisimama akatutangazia kwamba mtandao upo, kila mwanajumuiya ajisikie nyumbani, na mimi niandike nenosiri kwenye kitabu cha kumbukumbu. Nenosiri lenyewe lilikuwa NidhamuNdiyoMsingiWaElimu, bila nafasi, kila neno lianze kwa herufi kubwa. Akaliimla mara mbili. Mama mmoja akaandika "nizamu" na simu ikamkatalia, naye Mkaguzi akamsahihisha kwa kalamu nyekundu kwenye kiganja. Mwisho wa mwezi huo mtaa mzima ulikuwa umeegemea ukuta wake, na sijawahi kuona paswedi iliyofundisha watu tahajia kiasi kile.

Sasa nije kwenye spika.

Miezi mitano hivi baada ya msiba, yule binti alileta spika nne zisizo na waya, nyeusi, kila moja kama sufuria ndogo iliyofunikwa. Alisema hataki baba yake akae kwenye kimya. Akaweka moja sebuleni, moja jikoni, moja chumbani, moja barazani, na kwenye simu ya baba yake akaziandika majina hayohayo. Akalipia na akaunti ya muziki, ile ambayo unatafuta wimbo wowote unakuja. Na kwa kuwa Mkaguzi alitaka jumuiya ijifunze nyimbo bila kuchoma bando, alimwamuru binti aingize akaunti ileile kwenye simu ya katibu. Binti akaiingiza. Nikashukuru, nikaambiwa pongezi ni sumu ya kazi.

Haikupita muda, muziki ukaanza kuhama. Mkaguzi alinieleza mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeripoti wizi wa mitihani.

"Nauwasha sebuleni, Mwalimu. Nimekaa, nasikiliza. Katikati ya wimbo unanyamaza. Nasikia uko jikoni."

"Nani yuko jikoni, Mkaguzi?"

"Hakuna mtu jikoni."

Mtu mwingine angezizima spika akalala. Yeye alifungua ukaguzi. Aliandika taarifa ya spika moja moja, na alinionyesha: Sebuleni, mvivu, anaacha kazi katikati. Jikoni, anapenda kuchukua kazi za wenzake. Chumbani, hana msimamo. Barazani, ana sauti nzuri ila anafuata mkumbo. Alimpigia simu binti yake, akajibiwa, "Baba, zima halafu washa." Akazima, akawasha, muziki ukahama vilevile. Akampigia tena, akajibiwa azime na ruta yenyewe, kile kisanduku cha waifai, ahesabu hadi thelathini. Alihesabu hadi sitini ili asionekane amefanya kazi nusu. Fundi aliyekuja kutoka mjini alipanda juu ya kiti akaihamishia ruta juu ya kabati, akasema tatizo lilikuwa ruta kukaa chini, mawimbi yanatambaa. Alipoulizwa ameyaona wapi yakitambaa, hakurudi tena mtaani kwetu. Mwenyekiti wa jumuiya yeye alishauri tuje na maji ya baraka.

"Nyumba hii ilibarikiwa ilipojengwa," Mkaguzi akamjibu. "Cheti kipo."

Mimi nilimhurumia kwa mbali, maana na kwangu mtandao ulikuwa unanisumbua. Kila asubuhi nikiinjika chai nilifungua ile akaunti nifanye mazoezi ya nyimbo za Jumapili. Simu ilinionyesha alama ndogo yenye mistari kama ya mnara, nikiigusa inaleta orodha: Sebuleni, Jikoni, Chumbani, Barazani. Nami maisha yangu yote nimejaza fomu. Nimejaza fomu za takwimu, fomu za uhamisho, fomu za bima, fomu za kuthibitisha kwamba nilijaza fomu. Nikajua simu inataka kufahamu niko wapi ili inipatie mtandao. Nikiwa jikoni kwangu nikajaza Jikoni. Nikiwa barazani nasahihisha madaftari nikajaza Barazani. Sikuwahi kuidanganya hata mara moja. Baada ya kujaza, simu ilibaki bubu. Nilikuwa nasikia muziki kwa mbali kwa jirani, nikasema heri yeye, kwake unakubali. Basi nikawasha redio. Kesho yake nikajaza tena, maana fomu isipokubali unaijaza tena, hivyo ndivyo tulivyolelewa kazini.

Wakati huo watoto wa Mkaguzi walikuwa wameanza kunong'onezana kwenye simu. Baba anasema muziki unatembea. Baba anapiga simu saa kumi na mbili asubuhi kusema muziki umeingia jikoni. Na kuna jambo jingine waliloambiwa na majirani wenye midomo, nalo lilikuwa kweli: Mkaguzi alikuwa ameanza kunywea chai jikoni. Mwanamume huyu, kwa miaka yote ya ndoa yake, jikoni alikuwa akiishia mlangoni. Sasa alibeba kigoda na kikombe na michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kisahani, akakaa pale karibu na jiko, peke yake. Alasiri alikuwa barazani. Nilimwona kupitia tundu la ukuta, kakaa upande mmoja wa benchi.

Kijana wake mkubwa, naye wa Dar, akapanga safari. Wangekuja yeye na dada yake, waangalie hali, na kama ni kweli akili ya mzee imeanza kuyumba, wamchukue wakaishi naye huko na nyumba ya Kiseke ipangishwe. Mkaguzi alipopata habari hizo hakupiga kelele. Alikuja kwangu na kaunta buku chini ya kwapa.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, Mkaguzi. Shikamoo."

"Marahaba. Mwandiko wako bado ni mzuri?"

"Nadhani."

"Ninakilie hiki, safi. Wanangu wanasema nimechanganyikiwa. Mtu aliyechanganyikiwa hawezi kutunza rekodi. Wakisoma hii watanyamaza, na mimi nitafia kwangu." Alinipa kile kitabu kwa mikono miwili. "Mwalimu, sitaki kwenda Dar. Mama amelala huku."

Alipoondoka nikakaa mezani, nikafungua. Alikuwa amepiga mistari kwa rula: tarehe, saa, ulipotoka, ulipokwenda, maoni. Nikaanza kunakili. Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, kutoka Sebuleni kwenda Jikoni. Saa tisa na nusu alasiri, kutoka Sebuleni kwenda Barazani. Saa tatu usiku, kutoka Barazani kwenda Chumbani. Siku nyingi za kazi, saa moja hadi saa tisa, utulivu. Jumamosi ya jumuiya, utulivu asubuhi yote. Kwenye maoni aliandika mstari baada ya mstari: "Hakuna mtu aliyegusa."

Nilipofika ukurasa wa tatu kalamu ilinitoka mkononi. Saa kumi na mbili kasoro robo ndiyo saa ninayoinjika chai. Saa tisa na nusu ndiyo saa ninayorudi shuleni, nakaa barazani na madaftari. Saa tatu usiku nalala. Nikachukua simu, nikafungua orodha, nikagusa Chumbani, nikasimama dirishani. Ng'ambo ya ukuta, gitaa lililokuwa likisikika sebuleni kwa Mkaguzi likakatika, likatokea dirisha la chumba chake cha kulala. Nikagusa Jikoni. Likatokea jikoni. Muziki wa mzee wa watu ulikuwa unanifuata mimi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwa zaidi ya nusu mwaka.

Mtu mwema angevaa kandambili akavuka ukuta dakika ileile. Mimi niliendelea kusoma, na nikakuta hili: Jumanne, saa tatu asubuhi, kutoka Sebuleni kwenda Chumbani. Jumanne ile nilikuwa nimemwandikia mwalimu mkuu ujumbe kwamba nina malaria. Malaria yenyewe ilikuwa usingizi. Na zilikuwepo Jumanne nyingine, na Ijumaa mbili, zote kwa dakika, zote kwa mwandiko ule ule ulioandika habari zangu mwaka wangu wa pili kazini. Alikuwa amenikagua miezi saba bila kujua. Nikifungua mdomo, ushahidi wote umeshaandikwa, na mimi ndiye nimeunakili kwa mwandiko safi. Niliona haya, na niliogopa, mwanamke mzima mwenye watoto wawili chuoni. Nikanakili hadi mwisho, nikampelekea kitabu, nikasema nimemaliza.

Watoto walifika Jumamosi. Jumuiya ilikuwa kwa Mkaguzi tena, na kina mama tulipika kwake tangu asubuhi. Simu yangu niliiacha nyumbani, na siwezi kusema nilisahau. Baada ya sala na chakula, wageni walipoondoka, tulibaki wachache sebuleni: kijana, binti, mwenyekiti na mimi. Mkaguzi aliwasha muziki. Akaweka saa yake mezani.

"Saa tisa na nusu utahamia barazani," alisema. "Subirini."

Tulisubiri. Saa tisa na nusu muziki ulikuwa sebuleni. Saa tisa na dakika arobaini ulikuwa sebuleni. Mkaguzi aliinuka akaenda mwenyewe barazani kuisikiliza spika, akainama, akaigonga kwa kidole, akarudi. Sijawahi kumwona mtu akizeeka kwa dakika kumi, ila siku ile niliona. Binti alianza kulia kimyakimya. Kijana akaifunga kaunta buku bila kusoma ukurasa wa pili.

"Mzee," alisema, "hapa huwezi kukaa peke yako. Tunaondoka wote Jumamosi ijayo."

Kisha akanigeukia. "Mwalimu, wewe ni jirani ukuta kwa ukuta. Umewahi kusikia huu muziki ukihama?"

Wote wakaniangalia. Mkaguzi hakuniangalia kwa kuniomba. Aliniangalia kwa kuniamini, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

"Mimi nasikia muziki tu," nilisema. "Unatokea chumba gani, kwa kweli siwezi kusema."

Ndivyo alivyojibu mtumishi wa umma. Hata mwenyekiti aliinamisha kichwa, akidhani nimemfichia mzee aibu.

Wiki hiyo walifunga vitu kwenye maboksi. Nilikuwa nasikia utepe wa gundi unavyovutwa, kraa, kraa, tangu asubuhi. Kuku waligawiwa. Mwenyekiti alipewa watatu, akawa anajisifu kwamba sasa ana kuku wanaojua nidhamu. Jumatano dalali alikuja kupima vyumba kwa hatua. Mkaguzi alimfuata nyuma akimsahihisha hesabu, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu anayesaidia kupima kaburi lake. Sikula vizuri. Sikulala. Darasani nilimchapa mtoto kwa kosa ambalo sikumbuki, nikajichukia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha wangu kwa nyumba ya mtu mwingine.

Alhamisi nilirudi shuleni, sikuvua hata viatu. Nilichukua simu nikaenda kugonga geti lake. Walikuwa wote watatu sebuleni katikati ya maboksi, na spika moja bado inaimba kwaya, kwa kuwa nilikuwa nimegonga.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba, Mwalimu. Kaa, kama utapata pa kukaa."

"Sikai." Nikamgeukia kijana. "Baba yako hajachanganyikiwa. Ni mimi."

Nikagusa simu. Kwaya ikanyamaza katikati ya neno, ikaendelea jikoni. Nikagusa tena, ikatokea barazani. Nikairudisha sebuleni, nikaipeleka chumbani, na nikaeleza yote: akaunti aliyoniwekea dada yake, orodha niliyoijaza kama fomu, Jikoni nikiwa jikoni, Chumbani nikiwa chumbani. Nikaeleza na zile Jumanne. Sikuulizwa, lakini nilizieleza. Nikasema nilijua tangu nilipopewa kitabu kunakili, na kwamba Jumamosi niliwadanganya mbele ya baba yao.

Binti akainuka, akapita juu ya maboksi, akamkumbatia baba yake, analia na kucheka. "Baba nisamehe, ni mimi niliyemwekea!" Kijana alijikuna kisogo. Aliichukua kaunta buku, akaifungua, safari hii akasoma kurasa kadhaa, akaona dakika zote zilivyokaa sawa.

"Yaani kila kitu mzee aliandika," alisema. "Kila kitu. Aisee, nisamehe, Baba. Hakuna safari."

"Ahsante," alisema Mkaguzi.

"Natoa simu ya Mwalimu kwenye akaunti, nabadilisha paswedi, kwisha kazi. Hautahama tena."

"Nenosiri," alisema Mkaguzi.

Kijana akacheka, akabonyeza simu ya baba yake mara tatu nne, na mkononi mwangu orodha ya vyumba ikatoweka. Tatizo la miezi saba liliisha kabla chai haijaletwa. Nilisubiri Mkaguzi aniseme. Nilistahili, na kwa kweli ningependa aniseme, ningepata nafuu. Alikaa kwenye kiti chake, mkono kwenye kitabu, anausikiliza muziki uliokuwa umerudi sebuleni na kutulia. Nilidhani ana hasira nami.

Nilipoaga, akainuka kunisindikiza. Tulitoka taratibu, tukapita jikoni ambako kigoda kilikuwa bado pale, tukapita barazani, tukafika getini. Hapo akasimama. Kwa upande ule unaliona ziwa kidogo katikati ya mawe, na akawa analitazama hilo.

"Mama alikuwa anaamka saa kumi na mbili kasoro robo," alisema.

Sikuelewa upesi.

"Anawasha moto. Alasiri anakaa hapo kwenye benchi, upande huu. Nilipoandika wiki ya kwanza nikaona saa zinafanana. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, Mwalimu? Mimi, niliyewafukuza watoto shule kwa ajili ya hirizi zao?" Alikohoa. "Ndiyo nikawa nahamia naye. Kitabu kile sikukianza kwa ajili ya wanangu. Nilitaka nijue saa ngapi nikae wapi, nisimkose."

Nilishindwa kusema pole, kwa sababu pole gani. Nilikuwa nimempa nyumba yake na nimemnyang'anya mkewe kwa mkono mmoja. Machozi yalinitoka waziwazi pale getini, wala sikuyafuta.

"Kuna siku moja tu nataka kuuliza," alisema. "Mwaka ulipotimia. Si ile Jumapili ya misa, siku yenyewe, ilikuwa Alhamisi. Saa kumi jioni, saa aliyofariki, nilikuwa sebuleni, muziki ukaingia chumbani kwetu ukakaa huko hadi giza. Na hiyo ni wewe?"

Nilikumbuka Alhamisi ile vizuri. Kichwa kilikuwa kinaniuma, nilitoka shuleni mapema nikajilaza, nikafungua simu nitafute wimbo wa kuimba kwenye misa yake, nikajaza Chumbani, nikapitiwa na usingizi.

"Hapana, Mkaguzi," nilisema. "Alhamisi ile nilikuwa Bujora, kwenye makumbusho, na wanafunzi wa darasa la sita. Tulirudi usiku."

Akaniangalia. Alikuwa ameangalia walimu waongo tangu mimi sijajua kusoma, na hakuna aliyewahi kupita mbele yake bila kuulizwa barua ya ruhusa, orodha ya watoto na sahihi ya mwalimu mkuu.

"Bujora," alisema.

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, akanifungulia geti. Hakuniuliza hata tulikwenda kwa gari gani.